Chumvi Huanzia Chini

Jirani yangu amejenga uzio mpya, na kabla ya kusimamisha nguzo alizipaka oili chafu ili mchwa wasizile. Ilikuwa saa nane mchana, nachambua mchele sebuleni, harufu ile ikaingia dirishani. Nikaweka ungo chini. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtu aliyeona mtoto akikatiza mbele ya lori, na ilinichukua muda kujiambia kwamba hakuna lililotokea. Ni oili tu, iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu, nyeusi, yenye harufu ya moshi na chuma. Wenzangu wa rika langu waliokulia karibu na magari wanaijua harufu hiyo, na wengi huwakumbusha safari. Mimi hunikumbusha miguu ya mama yangu.

Tulikuwa tunaishi Segese, wakati ule ikiwa bado ni mstari mmoja wa maduka, mashine ya kukoboa mpunga na zahanati. Baba alikuwa na pikapu. Alikuwa ameendesha malori ya watu kwa miaka mingi mpaka akaipata, tayari imezeeka, rangi yake kama maziwa yaliyoungulia sufuriani. Kazi yake ilikuwa kubeba chumvi. Treni iliileta kutoka Uvinza mpaka Isaka, Baba akaichukua pale stesheni na kuisambaza kwenye maduka ya Kahama, ya kwetu, na wakati mwingine mpaka Ushirombo. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni ya kutafuta, sukari ya kutafuta, na chumvi nayo ikiadimika watu hawakulala vizuri. Baba akipita barabarani hawakumuuliza habari za safari. Walipaza sauti, "Baba Kabula, imo?" Naye akipiga honi mara moja walijua imo.

Chumvi ile haikuwa hii ya pakiti. Ilikuwa ya mawe mawe, ya kijivu, mbichi, imejazwa kwenye magunia ya katani. Jua likiwaka magunia yalitoa jasho. Mvua ikinyesha yalichuruzika. Baba aliyafunika turubai juu na kuyatandikia ngozi za ng'ombe chini, lakini maji ya chumvi hayana adabu. Yalipenya kati ya mbao za bodi yakadondokea kwenye springi, kwenye mabomba ya breki na kwenye zile boriti mbili ndefu za chuma zinazobeba gari zima, ambazo Baba aliziita chasisi.

Kwa hiyo kila aliporudi, kabla ya kula, aliiosha pikapu, tena kuanzia chini. Alitandaza ngozi kuukuu ardhini akaingia na ndoo ya maji na brashi ya waya, nami nikaingia upande wa pili. Nilipenda kule chini. Kulikuwa na ubaridi, na matone yaliyoniangukia mdomoni yalikuwa na ladha ya machozi. Baba alikwangua kutu, akachukua spoku ya baiskeli na kuzibua matundu madogo yaliyokuwa kwenye vyuma. "Haya usiyazibe hata siku moja," aliniambia. "Maji yakiingia yapate pa kutokea. Ukiyaziba, gari linaozea ndani."

Kisha ikaja dawa. Ndivyo alivyoiita mwenyewe, dawa. Alikuwa na rafiki zake warina asali huko Ushetu waliompa nta, mikate ya njano yenye miguu ya nyuki ndani yake. Aliiyeyusha kwenye debe juu ya mafiga, akamimina oili chafu, akakoroga kwa mti mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Oili peke yake, alisema, inaondoka kwenye dimbwi la kwanza. Nta peke yake inapasuka. Zikiwa pamoja zinashika. Alisubiri ipoe kiasi cha kuvumilika mkononi, ndipo akaipaka kwa brashi, pole pole, akifika hadi kwenye kona ambazo hakuna mtu angeziona.

Siku moja tukiwa chini aliniambia, "Kabula, chumvi huanzia chini. Juu utaona gari linang'aa, watu wanalisifia. Huku chini inakula tu, haina kelele. Siku utakayoiona juu, umechelewa." Akachukua bisibisi akaisukuma kwenye boriti, karibu na springi ya nyuma. Bisibisi ikazama. Kipande cha chuma kikaniangukia kifuani, na nilipokiminya kikavunjika kama ukoko wa ugali. Nilitazama vidole vyangu vilivyogeuka vyekundu. Sikuwahi kujua kwamba chuma kinaweza kuliwa.

Nilikuwa na miaka kama saba. Baada yangu walizaliwa wawili ambao hawakukaa. Walizikwa nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa minyaa, na hakuna aliyewataja. Nilipouliza majina yao Mama alisema tu, "Kachote maji." Mwaka ule alikuwa mjamzito tena, na hilo nalo halikutajwa. Waliniambia, "Mama yako amechoka," nami nikazoea kumtazama mtu aliyechoka akizidi kuwa mkubwa.

Baba alinichukua siku moja kwenda Kahama kwa Fundi Athumani, mtu wa Ujiji aliyekuwa na kiwanda chake cha kuchomelea nyuma ya soko. Fundi aliingia chini ya pikapu, tukasikia nyundo yake ikigonga, mara sauti kavu, mara sauti kama ya kugonga boga. Alitoka akijipangusa, akamgeukia Baba.

"Masanja, huku nyuma imeliwa."

"Nimeona. Ichomelee."

"Niichomelee kwa kitu gani? Vijiti vya kuchomelea sina, na mjini hakuna. Nimeagiza Mwanza. Mpaka vije, usiibebeshe magunia. Mvua hizi na mashimo yale, itakatika katikati, mtageuka habari."

Tulipofika nyumbani aliipandisha pikapu kwenye jeki na mawe, akatoa magurudumu ya nyuma, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuishi chini ya gari. Alikwangua, akafunga vipande vya bati nene kwa nati pale palipoliwa, akapaka dawa, akasubiri ikauke, akapaka tena. Mvua ikija alitandaza turubai kwa pembeni akaendelea.

Ni katika siku hizo nilipoona miguu ya Mama. Nilikuwa namsaidia kuvua viatu, vikagoma. Vifundo vya miguu havikuwepo. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, kama ya mtu mwingine mnene aliyeazima kichwa cha mama yangu. Kesho yake tukaenda naye zahanati.

"Shikamoo, Sista," nilimwamkia muuguzi.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, kisha akakitoa. Shimo likabaki. Nilisubiri lifumbe, halikufumba.

"Mama Kabula, chumvi unakula?"

"Si ndiyo kazi ya mume wangu," Mama alisema akicheka kidogo.

Muuguzi hakucheka. "Acha kabisa. Chumvi itakumaliza." Akaandika karatasi. "Mpe Baba Kabula. Uende Kahama hospitali wiki hii hii, ukasubirie huko huko mpaka ujifungue. Na kichwa kikianza kuuma, au macho kuona ukungu, msingoje hata saa moja. Umenisikia?"

Mama aliitikia. Baadaye nilimwona akimpa Baba ile karatasi. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye kisanduku cha mbele cha pikapu. "Jumamosi," alisema. "Niifunge vizuri huku chini kwanza, nikupeleke."

Mimi katika maneno yote ya muuguzi nilikuwa nimechukua moja tu. Chumvi itakumaliza. Nililijua jambo hilo kuliko yeye. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu na kulishika kwa vidole. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya mama yangu, na kama kawaida yake ilikuwa imeanzia chini.

Leo ninajua kwamba ugonjwa ule hauletwi na chumvi. Lakini wakati ule hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo yalimalizikia kwenye "kachote maji." Nikaanza kazi yangu kimya kimya. Nilimwaga chumvi ya jikoni nyuma ya banda la kuku, na Mama alipoitafuta nilisema sijui. Nilifagia ua mara tatu kwa siku, nikiokota chembe zilizodondoka kutoka kwenye magunia. Jioni nilileta maji nikamwosha miguu, kuanzia nyayo, katikati ya vidole, kama Baba alivyoosha kwenye kona. Mama alifurahi. "Ng'wana wane, mwanangu huyu, ana huruma," alimwambia Mama Shija, jirani yetu. Na kila asubuhi kabla hajaamka nilibonyeza mguu wake kwa kidole nione kama kinazama. Kilizama. Kila siku kilizama zaidi, au nilidhani hivyo.

Jumamosi ilifika, dawa haikuwa imekauka kwa sababu ya unyevu. Baba akasema Jumatatu. Jumatatu mvua ikanyesha kutwa.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Mama aliamka amejifunga kanga kichwani, ameikaza, hataki kusemeshwa. "Kichwa tu," alisema. Baba alikuwa chini ya pikapu na hakumsikia, nami sikumwambia. Hilo nimelibeba muda mrefu. Kufikia mchana Mama alijilaza kwenye mkeka chumbani, mlango wazi, miguu imeelekea nje. Nilikaa kizingitini nikiitazama. Uani debe la dawa lilikuwa limeteremshwa mafigani likapoa. Brashi ilikuwa ndani yake.

Sikuwaza sana. Nilichota dawa kwenye kopo, nikaijaribu mkononi kama Baba alivyofanya, ilikuwa vuguvugu. Nikapiga magoti nikampaka Mama. Nyayo kwanza. Mama yangu alikuwa mtu wa kutekenyeka. Ukimgusa unyayo alipiga kelele. Siku hiyo brashi ilipita unyayo mzima, mara mbili, hakutikisika. Nikaona ni dalili njema, kwamba mwili wake umeipokea dawa. Nikapaka vidole, nikapaka kucha, nikapanda mpaka magotini. Kopo likaisha. Miguu ilikuwa myeusi, inang'aa, imefungwa kila mahali, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya zahanati nilipumua.

"Mama," nilimwita ili aone.

Alifumbua macho. "Kabula, fungua mlango. Mbona giza?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limemfika kifuani.

"Mama, uko wazi."

Aligeuza uso upande wa sauti yangu, lakini macho yake yalinipita. Kisha mdomo ukavutika upande mmoja, mkono ukaanza kutetemeka, halafu mwili wote, mkeka ukawa unachakarika chini yake. Povu likamtoka. Nilikumbuka hapo hapo matundu. Nilikuwa nimepaka kila mahali. Sikuacha hata tundu moja la maji kutokea.

Nilikimbia nikapiga bodi ya pikapu kwa ngumi. "Baba! Nimemuua Mama!"

Baba aligonga kichwa kwenye chasisi akitoka. Hakunisikia nilichosema, alisikia Mama tu. Aliingia ndani, akatoka, akaita majirani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama Shija alikuja mbio, akamshika Mama kichwa mapajani na kumtia kijiko kilichoviringishwa kitambaa kati ya meno. Baba alirudisha magurudumu peke yake. Mikono ilikuwa imejaa nta, nati zikamponyoka moja baada ya nyingine, nami nikatambaa matopeni nikizitafuta. Nilizipata zote isipokuwa moja. Alikaza zilizokuwepo. Wanaume wawili wakamleta Mama wakiwa wamembeba na godoro la pamba, wakamlaza nyuma, Mama Shija akapanda naye. Mimi nilitiwa mbele.

Sina kumbukumbu ya safari nyingine ndefu kama ile, ingawa nimesafiri mbali tangu hapo. Baba alikuwa ameinama mbele, sikio lake limegeuzwa nyuma. Kila tulipoingia shimoni chuma kililia chini yetu, naye akasema, "Vumilia, vumilia," na sikujua anaiambia pikapu, au Mama, au Mungu. Kwa kioo kidogo cha nyuma niliona mgongo wa Mama Shija tu, umejikunja. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamepanda. Baba alishuka akaingia mpaka magotini, akapima kwa miguu yake, akarudi, akatia gia. Maji yaligonga sakafu chini ya nyayo zangu. Nikafikiri, dawa haijakauka, itaoshwa yote. Na ya Mama je, nayo ioshwe au ibaki? Sikujua tena niombe lipi.

Chasisi haikukatika.

Pale hospitali walimshusha kwenye machela, kanga ikafunuka, na muuguzi mkubwa akasimama.

"Hiki ni nini? Nani amempaka mgonjwa hivi? Mmempitisha kwa mganga kwanza, eti?"

Baba aliitazama ile miguu, nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona siku hiyo. Kisha akanitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alisogea hatua moja akasimama mbele yangu, nikawa siwezi kumwona muuguzi.

"Ni mimi, Sista."

"Wewe? Mtu mzima na akili zako?"

"Ni mimi."

Alimsema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Ujinga, ushirikina, watu wa vijijini mnaua wake zenu. Baba alikuwa amevua kofia, kainamisha kichwa. Nami nikiwa nyuma ya suruali yake niliamini kwamba ameamua kufungwa badala yangu.

Tulikaa kwenye benchi lile siku mbili. Asubuhi ya pili Mama Shija alitoka mlango wa wodi amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga mpya, akakipakata kama anavyopakatwa mtu. Baba alikuwa na jembe la kuazima. Walikwenda bila kusema wanakwenda wapi, wakarudi na udongo viatuni. Mama Shija alininunulia andazi. Sikulila. Nilijua ni nini kilichokuwa kwenye kanga, na nilijua ni nani aliyeziba matundu.

Mchana ule Fundi Athumani alikuja kutupa pole na chupa ya chai. Baada ya kukaa kidogo alikwenda nje kuitazama pikapu, akalala chini yake pale pale getini, nasi tukasimama kando.

"Hizi bati umezifunga vizuri," alisema kutoka chini. "Na hii nta, mtu wangu, ungekuwa fundi."

"Athumani. Wiki iliyopita, kabla sijazifunga, ingefika hapa?"

"Na magunia? Haifiki."

"Na mtu. Mtu mmoja, amelala."

Nyundo iligonga mara mbili tatu. "Mtu mmoja? Mbona ingefika hata Mwanza na kurudi. Mimi nilikwambia usibebe chumvi, sikukwambia usibebe mtu." Alitoka akijipangusa vumbi, akaona uso wa Baba, mkono wake ukabaki hewani. "Masanja, kwani vipi?"

Baba alikuwa amechuchumaa, ameshika gurudumu kwa mikono miwili.

Siku ya tatu Mama aliona. Mama Shija ndiye aliyetuletea habari, akipiga kigelegele kimoja kifupi na kujiziba mdomo. Tuliingia. Mama alikuwa amelala, uso umenywea, ni wa kwake tena, na tumbo halipo. Hakulia. Nadhani alikuwa amelia akiwa haoni. Alivuta shuka akaitazama miguu yake. Walikuwa wamejaribu kuiosha. Nta na oili hazitoki kwa maji, na sabuni haikuwepo ya kutosha. Ilikuwa na mabaka ya kijivu, na kucha zote kumi zilikuwa nyeusi pembezoni.

"Baba Kabula, wananiambia ulinipaka wewe."

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niseme tena. "Ni mimi, Mama. Nilikuwa nazuia chumvi. Sista alisema itakumaliza. Nikapaka kila mahali, nikasahau kuacha matundu, ndiyo maana mtoto..." Sikuweza kumaliza.

Mama alijisogeza pembeni. Akaninyooshea mkono nikapanda kitandani na miguu yangu michafu. "Mbona uliishia magotini?" aliniuliza.

"Dawa iliisha."

Kitu kilitikisika kifuani kwake, sijui kilikuwa kicheko au nini. "Yaya, mayu," akasema kwa Kisukuma, yaani hapana, mama, akinibembeleza kwa neno wanaloitwa akina mama. "Si wewe. Rangi ya nje haiui mtu."

Hapo Baba akasema, "Ni mimi." Safari hii aliketi sakafuni kabisa, karibu na mguu wa kitanda. Akaeleza habari ya karatasi, kwamba siku tisa ilikuwa kwenye kisanduku cha gari. Kwamba aliogopa chasisi itakatika njiani akiwa naye. Kwamba kila alipotaka kuondoka alibonyeza kwa bisibisi akaona bado haijawa tayari. "Nilitaka ikubebe salama," alisema.

Mama alifumba macho. Wodi ilikuwa na kelele za vitoto vya watu.

"Kulikuwa na baiskeli, Baba Kabula," alisema.

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakumsemesha zaidi kwa muda mrefu. Tuliporudi nyumbani alimpikia, alimtengea maji ya kuoga, alimjibu akiulizwa. Basi. Vijiti vya kuchomelea vilikuja, chasisi ikachomelewa, Baba akarudi kwenye chumvi, akaiosha pikapu na kuipaka dawa kama zamani, lakini hakuniita chini tena na mimi sikwenda. Mama Shija alileta mafuta ya taa amsugue kucha. Mama alikataa. "Ziache. Zitaota zenyewe."

Kucha za miguu zina subira. Mvua ziliisha, mpunga ukavunwa, pamba ikachumwa, na kila baada ya wiki mbili tatu Mama alikaa kizingitini na wembe akikata kidogo pale mbele, na ule mstari mweusi ukasogea kidogo. Nilikuwa nauangalia. Nilikuwa na hofu utaisha kabla hawajazungumza, halafu nikawa na hofu hautaisha.

Jumapili moja baada ya misa alikaa na wembe kama kawaida. Ulikuwa umebaki weusi mdogo kwenye vidole gumba tu. Baba alitoka uani, akasimama, kisha akavuta kigoda akaketi mbele yake. Akanyoosha mkono. Mama alimtazama, akampa wembe. Baba aliuweka mguu wa Mama juu ya goti lake, akaukata ule weusi taratibu sana, akahamia mguu wa pili. Mama aliuachia mguu uegemee.

"Kesho nipeleke Kahama nikamwone," alisema.

Baba alikunja wembe kwenye karatasi yake. "Kabula naye?"

"Kabula naye. Ni dada yake."

Kesho yake tulikaa mbele watatu, mimi katikati. Njiani Mama aliniambia kwamba alikuwa msichana, na akaniambia jina walilompa. Tulipofika mtoni akaniambia na majina ya wale wawili wa nyuma ya nyumba. Nyuma hatukubeba kitu.